Paka wangu wa miaka 14 hainui kichwa: vipimo vinasema ni figo, lakini bado nina shaka

Mwenye Paka (mleta mada)

Wanajamvi, salaam.

Nina paka jike wa miaka 14, aliyefungwa kizazi tangu akiwa mdogo, ambaye tulimpa jina la Shangazi kwa jinsi anavyowatazama wageni kana kwamba wamechelewa. Hakuwahi kuugua ugonjwa wa maana maishani mwake. Kwa muda wa miezi sita sasa anabadilika, na kila badiliko limekuja polepole kiasi kwamba nimelizoea kabla sijalitambua.

Uzito wake umeshuka kutoka kilo 4.6 hadi 3.9. Maji anayokunywa yameongezeka, na nilipoamua kuyapima kwa chupa yenye alama nilikuta anamaliza karibu mililita 300 kwa siku. Zamani alikuwa akifika dirishani kwa mruko mmoja. Siku hizi husimama chini, hupima umbali kwa macho, hutikisa makalio kama anayejiandaa, kisha huondoka taratibu kana kwamba hakuwa na nia hiyo. Anapotembea, visigino vya nyuma vinakaribia kugusa sakafu.

Linalonikosesha usingizi, hata hivyo, ni kichwa. Anakula huku kidevu kimeegemea ukingo wa bakuli. Nikimwita hainui kichwa. Huniinulia macho tu, shingo ikiwa imeinama kama ya mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Hali hii huja na kuondoka: zipo siku tatu au nne anapokuwa karibu na kawaida yake, kisha inarudi.

Daktari aliyemwona alimpima damu na mkojo. Kreatinini, taka ya damu ambayo figo huichuja, ilikuwa maikromoli 190 kwa lita, ambayo imepanda kidogo, na uzito linganifu wa mkojo, yaani jinsi mkojo ulivyo mzito, ulikuwa 1.018, ilhali paka mwenye figo nzima hutarajiwa kuvuka 1.035. Sukari ilikuwa ya kawaida, na homoni ya tezi ya shingo ilikuwa katikati kabisa ya kiwango. Nikaambiwa ni figo zinazoanza kuchoka pamoja na uzee, nikapewa chakula cha wagonjwa wa figo, nikarudi nyumbani.

Sina ugomvi na majibu hayo. Swali langu ni moja: je, figo zilizochoka kidogo namna hii zinaweza kuinamisha kichwa cha paka? Naomba kuwasilisha.

Jirani Mwema

Pole sana, ndugu. Nimefuga paka watatu hadi uzeeni, na wa mwisho aliniaga akiwa na miaka 16, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka: huo ni uzee. Paka wa miaka 14 analingana na binadamu aliyevuka 70. Upo uchunguzi wa mwaka 2002 uliopitia picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, ukakuta dalili za viungo kuchakaa kwa 90 kati yao. Paka halilii goti kama sisi. Anaacha tu kuruka, anaacha kujilamba mgongoni, kucha zinarefuka, na mapaja yanakonda kwa kukosa mazoezi. Maji mengi ni ya figo, kukonda ni kwa vyote viwili. Mwekee ngazi ndogo chini ya dirisha, mlalishe penye joto, na usimtese kwa sindano kila wiki.

Mwenye Paka

Nakushukuru, Mkuu, na ngazi nitaiweka leo hii. Lakini kiungo kilichochakaa hakipati nafuu Jumatatu na kuharibika tena Ijumaa. Na kama ni maumivu ya shingo, mbona nikimpapasa kisogo anakoroma kwa raha?

Paka Mweupe

Mimi ningekushauri usiiache tezi ya shingo upesi hivyo. Ugonjwa wa tezi hiyo kufanya kazi kupita kiasi ulielezwa kwa paka kwa mara ya kwanza mwaka 1979, na leo ndio ugonjwa wa homoni unaowapata zaidi paka wazee. Wangu alikuwa anakonda huku anakula kama ndama, analia usiku, anatapika, na manyoya yamesimama kama ya paka wa mvuani. Kipimo cha kwanza kilisema homoni ni ya kawaida. Tulirudia baada ya wiki sita ikawa imevuka kiwango. Tulielezwa kwamba mgonjwa akiwa na maradhi mengine, homoni hiyo hushushwa nayo, ikaonekana ya kawaida wakati siyo. Na tulipoanza methimazoli, dawa ya kuituliza tezi hiyo, figo ambazo zilionekana nzima zikajulikana kuwa mbovu, kwa sababu tezi ndiyo iliyokuwa ikizisukumia damu nyingi na kuficha upungufu wake.

Msomaji Kimya

Swali fupi: kama Jirani Mwema amesema kweli na ni maumivu ya viungo, nusu kidonge cha parasetamoli si kingetosha kujua? Akichangamka, basi ilikuwa maumivu.

Daktari wa Mifugo

Nimekuwa nikisoma tu, lakini swali hili la mwisho halisubiri. Msomaji Kimya, parasetamoli ni sumu kwa paka, na kidonge kimoja cha kawaida chaweza kumuua. Ini la paka halina uwezo wa kuisafisha dawa hiyo kama ini la binadamu; mabaki yake huiharibu damu ikashindwa kubeba oksijeni, ufizi ukageuka rangi ya udongo, na uso ukavimba. Dawa za maumivu za paka zipo, na huandikwa baada ya figo kupimwa. Tafadhali mtu yeyote asifanye jaribio hilo.

Sasa nirudi kwa mleta mada. Umeeleza vizuri kuliko wengi ninaowapokea, na lile la paka kuinua macho badala ya kichwa ndilo lililonifanya niandike. Mbwa ana mshipa imara wa kano kisogoni unaosaidia kubeba kichwa hata misuli ikichoka, paka hana. Kichwa chake kinabebwa na misuli peke yake, ndiyo maana misuli ya mwili mzima inapodhoofika, shingo ya paka ndiyo inayotangaza habari mapema. Kwa hiyo usitafute ugonjwa wa shingo. Tafuta kinachodhoofisha misuli yote, na visigino vinavyoshuka vinasema jambo hilohilo kutoka upande wa pili wa mwili.

Visababishi si vingi. Kinachoongoza kwa mbali ni upungufu wa potasiamu, mojawapo ya chumvi za damu. Upo pia upungufu wa vitamini B1, hasa kwa paka anayelishwa samaki mbichi wa aina fulani wenye kimeng'enya kinachoivunja vitamini hiyo. Zipo sumu za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti. Upo ugonjwa wa kinga unaokata mawasiliano kati ya neva na misuli. Tezi ya shingo nayo yaweza kufanya hivyo, kwa hiyo Paka Mweupe hajakosea kuitaja. Visigino vikishuka peke yake, kisukari huwa cha kwanza kufikiriwa, ila sukari yako ni ya kawaida.

Naomba unijibu haya: analishwa samaki mbichi? Mmetumia dawa yoyote ya viroboto au ya kupulizia nyumba? Mapigo ya moyo yalihesabiwa, na shingo ilipapaswa kutafuta kinundu? Na la muhimu kuliko yote, potasiamu ilikuwa ngapi? Kipimo cha damu ulichokieleza kwa kawaida huja na chumvi za damu ndani yake. Usiniambie ilikuwa ya kawaida, niandikie tarakimu.

Mwenye Paka

Daktari, naona aibu kuandika haya.

Samaki mbichi hali. Dawa za wadudu hatujatumia mwaka huu. Shingo ilipapaswa, hakukuwa na kinundu, na mapigo yalikuwa 180. Nakumbuka kwa sababu alikuwa anakoroma na daktari alilazimika kufungua bomba la maji ili anyamaze, ndipo akasikia moyo.

Karatasi ya majibu ilikuwa na kurasa mbili, na mimi nilipiga picha ukurasa wa kwanza tu. Wa pili nimeutoa leo kwenye droo. Potasiamu ni milimoli 2.9 kwa lita, na pembeni pameandikwa kuwa kiwango cha chini ni 3.5. Chini yake kuna kitu kinaitwa kinasi ya kreatini, ambacho kimevuka kiwango karibu mara sita. Yote mawili yana mshale mdogo. Hakuna aliyenitajia, na mimi sikuuliza.

Daktari wa Mifugo

Basi jibu la kichwa umelipata. Msuli usio na potasiamu ya kutosha hauitikii amri ya neva ipasavyo, na upungufu ukizidi nyuzi za msuli huanza kuvunjika na kumwaga kimeng'enya chake katika damu. Hicho ndicho kinasi ulichokikuta. Ikishuka zaidi, hata misuli ya kupumulia hudhoofika, kwa hiyo mpigie daktari wako leo, si kesho. Atampa potasiamu ya kunywa, na kiasi atakipanga yeye kwa kumpima tena, maana nyingi kupita kiasi husimamisha moyo.

Ombi moja: akimwona, ampime shinikizo la damu. Sioni mahali ulipolitaja.

Mwenye Paka

Siku ya tano tangu aanze dawa. Asubuhi nimeingia jikoni nikamkuta Shangazi ameketi sakafuni akimfuata kwa kichwa inzi aliyekuwa akizunguka darini, shingo imenyooka kama ya zamani, masharubu yameelekea mbele. Nilisimama mlangoni mpaka inzi akaondoka. Ni jambo dogo, lakini sikuwa nimeuona upande wa chini wa kidevu chake kwa miezi miwili.

Jirani Mwema

Hongera, na Mungu ampe afya. Nakubali kwamba kichwa hakikuwa uzee. Lakini kesi naona imefungwa: figo mbovu huvujisha potasiamu kwenye mkojo, potasiamu ikashuka, kichwa kikainama. Daktari wa kwanza alisema figo, na figo ndizo.

Daktari wa Mifugo

Ndugu yangu, katika paka kumi wenye hali hii, wengi wangeishia hapo ulipoishia, nami ningefunga faili pamoja nawe. Kinachonizuia ni uwiano. Kreatinini ya 190 ni figo zilizopungua, lakini si za hatua ya mwisho. Katika ngazi nne zinazotumiwa kuupima ugonjwa huu, yuko ngazi ya pili. Potasiamu ya 2.9 inawezekana kwa mgonjwa wa namna hiyo, ila ni ya chini kidogo kuliko ninavyotarajia, hasa kwa paka ambaye bado anakula. Kuna mtu mle ndani huenda anaitoa potasiamu kwa makusudi. Sisemi ni hivyo. Nasema tumpime tena baada ya wiki mbili, na shinikizo lisisahauliwe.

Fundi Maabara

Nimefanya kazi ya maabara ya wanyama kwa miaka mingi na ningependa kuongeza jambo kuhusu tarakimu yenyewe, maana huwa naona watu wakiikataa kwa kusema "labda ni kosa la sampuli". Kwa potasiamu, makosa mengi ya sampuli huipandisha. Damu ikiganda kwenye chupa, chembe za kugandisha huachilia potasiamu yao, na tarakimu hupanda. Kuishusha kwa kosa ni vigumu. Labda damu iwe imechukuliwa kwenye mrija uliokuwa unapitisha maji ya dripu. Kwa hiyo ukiona 2.9 kwa paka asiye na dripu, iamini.

Mwenye Paka

Nimerudi na habari mbili, na ya pili ni mbaya.

Wiki mbili zimepita. Potasiamu ni 3.1 licha ya kumeza dawa kila siku bila kuruka hata mara moja. Daktari wake ameongeza dozi.

Shinikizo la damu lilikuwa halijapimwa kwa sababu kifaa kilikuwa na hitilafu, nikaambiwa nirudi Alhamisi. Jumanne usiku nilisikia kishindo sebuleni. Shangazi alikuwa amegonga mguu wa meza anayoipita kila siku tangu akiwa mtoto. Nilipowasha taa, mboni za macho yote mawili zilikuwa zimetanuka nyeusi tii, na mwanga haukuzifanya zisinyae. Nilipitisha mkono mbele ya uso wake, hakupepesa.

Tuliondoka usiku uleule kwenda kituo kingine. Shinikizo lilikuwa 210. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka kabisa kwenye jicho la kushoto, ya kulia imebanduka sehemu. Wamemwanzishia amlodipini, dawa ya kushusha shinikizo.

Daktari wa Mifugo

Pole sana. Umefanya sahihi kutosubiri Alhamisi. Jicho la kulia lina nafasi ya kurudisha uwezo wa kuona kwa kiasi iwapo shinikizo litashuka ndani ya siku hizi za mwanzo; la kushoto nisikupe matumaini makubwa.

Kwa wasomaji wengine: shinikizo la sistoli, yaani tarakimu ya juu, likifikia 160 kwa paka mzee huwa tunaanza kufikiria tiba, na kuanzia 180 macho, ubongo, figo na moyo viko hatarini. Mara nyingi dalili haionekani mpaka siku macho yanapopofuka. Paka ni mficha maradhi kuliko mgonjwa yeyote ninayemjua.

Jirani Mwema

Daktari, naomba nisionekane mbishi, lakini bado ni figo. Figo mbovu hupandisha shinikizo. Figo mbovu hushusha potasiamu. Kila kitu kinaingia kwenye kapu moja.

Daktari wa Mifugo

Sioni ubishi, ndugu yangu. Umeuliza kile hasa ambacho mtu anapaswa kuuliza. Ngoja nikijibu kwa urefu kidogo.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, tezi ya adrenali. Miongoni mwa homoni zake ni aldosteroni, ambayo kazi yake ni kuiamuru figo ibakize sodiamu na maji na, badala yake, itoe potasiamu. Tezi ikiota uvimbe unaomwaga homoni hiyo bila kusikiliza mwili, mambo mawili hutokea kwa pamoja: maji na chumvi vinavyobaki hupandisha shinikizo, na potasiamu huenda na mkojo kwa kasi kuliko unavyoweza kuirudisha kwa kijiko. Jerome Conn, daktari wa Marekani, aliueleza ugonjwa huu kwa binadamu mwaka 1955. Kwa paka tulichelewa kuutafuta, na nina hakika wengi walizikwa kwa jina la figo.

Sasa angalia kapu lako. Ni kweli kila alama ya Shangazi yaweza kuelezwa na figo, moja moja. Lakini potasiamu inayokataa kupanda juu ya dawa, kwa paka mwenye shinikizo la 210 na kreatinini iliyopanda kidogo tu, si picha ya figo zinazovuja. Na kuna jambo la kukera zaidi: shinikizo la juu la muda mrefu huziharibu figo zenyewe. Inawezekana kabisa kwamba figo tulizozishtaki tangu mwanzo hazikuwa mwizi, bali ndizo zilizoibiwa.

Ningeomba vipimo viwili: picha ya ultrasaundi ya tumbo, mpigaji akiambiwa wazi kwamba anatafuta tezi za adrenali, kwa sababu asipoambiwa ataangalia figo na kumaliza, na kipimo cha aldosteroni katika damu.

Fundi Maabara

Kuhusu aldosteroni, naomba mwenye mada alizingatie hili kabla majibu hayajaja. Mwili wenye akili, potasiamu ikiwa chini, huinyamazisha aldosteroni ili isiendelee kuimwaga. Maana yake ni kwamba kwa paka mwenye potasiamu ya 3.1, homoni hii inatakiwa iwe chini. Ikirudi ikiwa "ya kawaida", usishangilie. Kawaida iliyoandikwa pembeni mwa karatasi ni ya paka mzima mwenye potasiamu nzima. Ni hadithi ileile aliyoileta Paka Mweupe juu ya tezi ya shingo: tarakimu moja haisomeki bila jirani zake.

Paka Mweupe

Kwa hiyo ile homoni ya tezi ya shingo iliyokuwa katikati mnaiondoa moja kwa moja?

Daktari wa Mifugo

Kwa sasa naiweka pembeni. Ingekuwa karibu na ukingo wa juu ningeirudia. Iko katikati, mapigo ni 180, hakuna kinundu, na hujasema hamu ya kula imeongezeka. Ikiwa picha ya tumbo itakuwa safi, tutaifungua tena.

Mwenye Paka

Picha imefanyika. Alinyolewa tumbo, akalala kwenye mto wenye shimo kama mgeni wa heshima, na hakuhitaji hata kutulizwa. Tezi ya kulia ina unene wa milimita 4, ambao nimeelezwa ni wa kawaida. Ya kushoto haionekani kama tezi tena. Mahali pake pana uvimbe wa mviringo wenye kipenyo cha karibu sentimita 2. Nilionyeshwa kwenye skrini, doa la kijivu juu ya figo, na nilifikiri jinsi nilivyombeba kifuani miezi yote hiyo likiwa hapo hapo chini ya mkono wangu.

Aldosteroni imerudi leo. Imevuka ukomo wa juu wa maabara kwa zaidi ya mara mbili. Hakuna haja ya kujadili kawaida.

Sasa naambiwa nichague kati ya upasuaji na dawa, na sijui nianzie wapi.

Daktari wa Mifugo

Nitakueleza ninavyowaeleza wangu, na uamuzi ubaki kwako na kwa daktari anayemgusa.

Uvimbe ukiwa upande mmoja, kuutoa ndiko kunakoweza kumponya kabisa: potasiamu na shinikizo vinaweza kurudi bila dawa. Lakini tezi hizi zimekaa karibu na mshipa mkubwa wa damu unaorudi moyoni. Ya kulia imebanana nao zaidi, ya kushoto ina nafasi kidogo, na hilo ni la heri kwako. Hatari kubwa ni kutoka damu wakati wa upasuaji na siku chache baadaye. Uvimbe huo waweza kuwa wa kawaida au saratani, na picha haitenganishi vizuri, kwa hiyo kabla ya kisu hupigwa eksirei ya kifua kuangalia kama umesambaa, na ni lazima potasiamu na shinikizo viwe vimedhibitiwa kwanza. Hayo yafanywe na mtu aliyezoea kazi hiyo, si anayejifunza kwa Shangazi.

Njia ya dawa ni spironolaktoni, ambayo huizuia aldosteroni isisikike kwenye figo, pamoja na potasiamu na amlodipini anazokwisha kuzianza. Haiuondoi uvimbe. Paka wengi huishi nayo vizuri kwa miezi mingi, baadhi kwa miaka, ila vipimo havitaisha.

Mwenye Paka

Nimekaa na jambo hili siku nne. Eksirei ya kifua ni safi. Mpasuaji niliyeelekezwa alikuwa mkweli: alisema kwa umri wake, figo zake na shinikizo lililotoka kwenye 210 juzi, angemfanyia nikitaka, lakini yake isingekuwa mikono iliyotulia. Nimechagua dawa. Najua wapo watakaoona nimekata tamaa mapema. Nami usiku wa manane huwa naona hivyo.

Jirani Mwema

Mimi sioni hivyo. Na nina deni la kukiri. Yule wangu wa miaka 16 niliyemtaja mwanzoni alikuwa kipofu miezi yake ya mwisho. Tulisema ni mtoto wa jicho wa uzeeni na tukahamisha viti asije akagonga. Shinikizo halikupimwa hata siku moja. Sijui kama kulikuwa na uvimbe, sitajua. Ila nimekusoma tangu mwanzo nikiwa na yeye kichwani.

Mwenye Paka

Mkuu, hukuwa na ukurasa wa pili. Mimi nilikuwa nao kwenye droo muda wote.

Mrejesho wa wiki ya nane, kwa wanaofuatilia. Uzito umepanda hadi kilo 4.1. Potasiamu ni 3.8, shinikizo 150, kreatinini imebaki karibu palepale. Spironolaktoni ilimchubua ngozi ya uso kwa kuwashwa wiki ya tatu, tukahofia ingebidi isimamishwe. Ilitulia baada ya dozi kupunguzwa. Jicho la kulia limerudi kiasi cha kumfanya akwepe miguu ya meza na kunitambua nikiwa mlangoni. La kushoto halioni. Visigino vimeinuka. Dirishani hafiki kwa mruko, lakini ngazi ya Jirani Mwema anaipanda kwa madaha yote, ngazi baada ya ngazi, kichwa juu, na akifika hunigeuzia upande wa jicho zima.

Ninaandika daftari: maji, uzito kila Jumapili, na saa za dawa. Pumzi zake akiwa amelala nazihesabu pia, kwa sababu nilielezwa kwamba moyo wa paka aliyekaa na shinikizo namna hii huweza kunenepa, na pumzi zikizidi 30 kwa dakika usingizini nisisubiri asubuhi. Mpaka sasa hazijavuka 24.

Jirani Mwema

Swali la mwisho kwa Daktari, halafu niwaachie jamvi. Ninaye mwingine wa miaka 11, dume, mzima kabisa kwa macho yangu, ambayo sasa siyaamini. Damu yake ya mwaka huu nimeitoa kabatini: potasiamu 4.2. Shinikizo hawakupima. Tatizo ni kwamba ukimshika mguu anakuwa chui. Kuna namna?

Daktari wa Mifugo

Ipo. Mkanda waweza kufungwa mkiani, na kwa paka wasiopenda miguu yao kushikwa ndiko bora. Mwombe daktari awaache chumbani dakika kumi paka atoke mwenyewe kwenye kasha, kusiwe na mbwa karibu, na wewe ukae naye. Kipimo cha kwanza kitupwe, vifuatavyo vitano au sita vichukuliwe wastani. Waandike kwenye faili kwamba ni mkiani na ukubwa wa mkanda uliotumika, ili mwakani wapime palepale kwa mkanda uleule.

Jirani Mwema

Nimepata nafasi Jumatano. Nitaleta tarakimu.